Aliyeitwa Ashuke

Mpaka leo sijui kama siku ile niliitwa mimi au aliitwa mjomba. Mjomba alikufa akishikilia kwamba niliitwa mimi. Yule memsabu aliyeita aliondoka Tiwi kabla sijapata mtu wa kunisaidia kumuuliza kwa lugha yake. Kwa hiyo nitaeleza nilivyoona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimeachwa na mume wa Msambweni na kurudi kwa mama. Kazi yetu ilikuwa usumba. Tulifukia makumbi ya nazi katika matope ya mkono wa bahari, tukayaacha miezi mpaka yakalainika, kisha tukayafukua na kuyaponda kwa rungu hadi zikabaki nyuzi tupu. Harufu yake haitoki mwilini kwa kuoga mara moja. Nyuzi hizo tulizisokota kwa viganja, tukazipota pamoja, zikawa kamba. Mama alikuwa hodari wa kamba nyembamba za kuwambia vitanda. Mimi mikono yangu ilipenda kamba nene.

Memsabu alikuwa Mzungu aliyepanga nyumba ndogo karibu na ufuo. Hakuwa na mume tuliyemwona. Kutwa alikuwa akizunguka kukusanya majani na maua, akiyalaza baina ya magazeti na kuyawekea mawe. Asubuhi moja alikuja uani kwetu, akasimama mbele ya rundo la usumba, akainua mikono yote miwili.

"Kamba," alisema. "Mrefu. Nguvu."

"Karibu uketi, bibi," mama alimwambia. "Kamba ya kufungia nini?"

"Mtu."

Mama alinitazama. "Wataka kumfunga mtu?"

"Ndiyo. Mtu kushuka."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha bara cha kuagizia kazi, maneno yamesimama peke yake kama miti iliyokatwa matawi. Alipoona hatuelewi alichukua kijiti akachora mchangani: mistari miwili iliyokaribiana, na katikati yake mtu mdogo. Mimi nilidhani ni kisima. Mama alidhani ni kaburi, akasema bismillahi kwa sauti ya chini. Mjomba, ndugu yake mama, ambaye kazi yake ilikuwa kukwea minazi ya watu, alipita wakati ule na kitanzi chake cha miguu begani. Aliinama akatazama mchoro, akasema huyu bibi ataka kuchimbiwa choo.

Hata hivyo kamba tuliipata: pima ishirini, unene wa kidole gumba. Niliisokota kwa siku nyingi, mama akiniletea nyuzi ndefu zaidi. Memsabu alirudi kuitazama. Aliizungusha kwenye mnazi wetu, akaishika, akainua miguu yote miwili akaning'inia, mwanamke mzima mwenye mvi. Kisha alicheka, akaiacha kwetu tumalizie kufunga ncha zake.

"Wewe kutengeneza," aliniambia. "Kesho kutwa wewe kuja na kamba. Na mzee."

Mzee alikuwa ni mjomba. Memsabu alipoondoka tulikaa kulichambua neno hilo. Mama alisema maana yake ni nimpelekee kamba, basi, nirudi nyumbani. Mjomba alisema la, angetaka kupelekewa tu angesema "leta". Kusema "kuja na kamba" ni kwamba kamba inapokwenda nami niende.

"Na wewe je?" mama alimuuliza.

"Mimi ni wa kufunga na kushikilia. Ndiyo kazi ya mkwezi."

Siku hiyo ilipofika memsabu alitupakia garini kwake tukapanda kuelekea Kwale. Kabla hatujaondoka alituwekea suruali ya kaki, imekunjwa vizuri, kwenye kiti baina yangu na mjomba. "Hii kwa kushuka," alisema. Mjomba alikuwa amevaa kikoi. Mimi nilikuwa nimevaa kanga mbili. Niliitazama ile suruali, mjomba naye akaitazama. Hakuna aliyeigusa.

Gari liliachwa kando ya njia, tukatembea katika nyasi za vilima mpaka tukaingia msituni. Baridi ya huko si ya pwani, ni baridi ya umande unaokaa hadi jua lipande. Memsabu alikwenda mbele na begi lake, akiangalia alama alizokuwa amezikata kwenye magome ya miti. Tulifika pahali ambapo ardhi ilikuwa imepasuka. Siwezi kusema vingine. Mwamba ulikuwa wa jiwe la mchanga, la rangi ya kutu, na katikati yake palikuwa na ufa mrefu, mwembamba kiasi kwamba penye wembamba wake hasa ningeweza kuuvuka kwa hatua moja. Nililala kifudifudi nikachungulia. Kuta ziliingia chini zikipinda, laini kama ndani ya kinu, na mbali huko palikuwa na maji, hayaonekani, yanasikika.

"Kuna nini huko?" mjomba aliuliza.

Memsabu alifikiri. "Hapana kitu," alisema. "Mzuri."

Mjomba alinigeukia, akaninong'oneza kwamba mtu hatoki Tiwi mpaka huku kwa sababu ya hapana kitu. Bila shaka kuna kito, au kuna mtu aliyeangukia humo. Nami nikaona ina maana.

Memsabu aliipitisha kamba nyuma ya mti mnene ulioota kando ya ufa, nusu yake huku na nusu yake huku, ncha zote mbili akazitupa chini. Kisha alitufundisha. Alizipitisha kamba mbili hizo baina ya mapaja, akazizungusha nyongani, akazivusha kifuani na kuzilaza juu ya bega, zikateremka mgongoni mpaka mkononi. Ukitaka kushuka, waachia kidogo. Ukitaka kusimama, wavuta mkono mbele. Alituonyesha mara mbili, akitutazama sote wawili kwa zamu. Ile suruali, aliyokuja nayo kwapani, aliilaza juu ya jiwe mbele yetu. Halafu alirudi nyuma nyuma hadi ukingoni, akalala hewani kama mtu aegemeaye ukuta, akatoweka.

Tulisikia viatu vyake vikikwaruza jiwe. Kisha sauti yake ikapanda, imegawanyika vipande na kuta: "Kuja ... uja ... uja."

"Akuita," mjomba alisema.

"Amwita mzee."

"Amesema 'mzee'? Sikusikia mzee. Nimesikia kuja. Na suruali ni ya kushukia, nami siwezi kushika kamba na kushuka kwa wakati mmoja."

Nilikwenda nyuma ya kichaka nikavaa suruali, nikajifunga kanga moja juu yake kwa sababu ya haya, nyingine nikaikunja begani. Niliporudi mjomba alikuwa ametazama kando. Alivuta ncha moja ya kamba juu, akanifunga kiunoni kwa fundo lake la minazi, akaizungusha sehemu iliyobaki mgongoni kwake ili aiachie kidogo kidogo. Ncha ya pili nikaizungusha mwilini kama tulivyofundishwa. Hatua ya kwanza ya kurudi nyuma ilinishinda mara tatu. Mara ya nne nilifumba macho na miguu ikaenda.

Jiwe lilikuwa likitoa punje chini ya nyayo zangu. Zilinidondokea machoni kila nilipotazama juu, kwa hiyo niliacha kutazama juu. Nilihesabu tabaka za mwamba, nyekundu, njano, nyeupe, nyekundu, mpaka mwanga ukapungua na nyayo zangu zikagusa changarawe.

Memsabu alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Wewe?" alisema.

"Ndimi."

"Mzee?"

Nilionyesha juu kwa kidole. Alitazama juu, akanitazama tena, akaitazama suruali. Akaweka kiganja mdomoni. Sikujua kama acheka au amekasirika, kwa kuwa palikuwa na giza kidogo na uso wake ulikuwa na jasho. Ndipo wazo likanijia kwamba labda suruali ilikuwa ya mjomba, kwamba mkwezi ndiye aliyetakiwa huku chini, na mimi niliambiwa nije kuleta kamba tu.

Alionyesha juu, kisha akaonyesha mbele, ambako ufa uliendelea ukipinda. Aliinua nyusi. Lilikuwa swali, na nililielewa, labda ndilo jambo pekee nililolielewa sawasawa siku ile. Mjomba alikuwa na nguvu za kunivuta juu. Ningekaa juani na kumngoja memsabu arudi. Badala yake niliona mkono wangu mwenyewe umenyooka kuelekea mbele. Sijawahi kujieleza kwa nini.

Kuipata kamba, tuliyoihitaji huko mbele, ndiko kulikokuwa na kazi. Memsabu alinifungua kiunoni, akapaza sauti, "Tupa kamba!" Ufa ulilichukua neno ukalizungusha. Mjomba alijibu kitu kama "nitupe", memsabu akasema ndiyo, akavuta. Kamba ilikuja dhiraa mbili, halafu ikarudi juu kwa nguvu. Akavuta tena. Ikarudi tena. Memsabu alianza kusema kwa lugha yake maneno mafupi. Mimi nilitambua kwamba mjomba alikuwa ameuliza "nisitupe?", naye amejibiwa ndiyo, na sasa alidhani twaanguka, ndiyo maana alikuwa akituokoa. Nikamwita kwa Kidigo, neno moja moja, nikingoja mwangwi ufe kabla ya kutia jingine. Nilimwambia aiachie kamba, sisi tutatokea chini, azunguke akatukute.

Kisha kamba yote iliteremka ikatuangukia miguuni, na pale tu ndipo nilipofahamu maana ya jambo nililolifanya. Njia ya juu ilikuwa imekwisha. Kuta zilikuwa laini pande zote mbili na hapakuwa na kitu cha kushika. Kamba yenyewe, niliyoisokota kwa viganja vyangu, ilikuwa imelala kwenye changarawe kama kitu cha mtu mwingine.

Tulikwenda kwa ubavu, maana penginepo mabega hayakuenea. Memsabu alinionyesha michoro ya maji ukutani, akisema "mzuri, mzuri", nami niliitikia ndiyo huku nikitafuta kwa macho hicho kito cha mjomba. Teremko la pili lilikuwa fupi, limeishia kwenye dimbwi. Tuliipitisha kamba nyuma ya gogo lililokwama baina ya kuta, la mafuriko ya zamani. Memsabu alipolitegemea, gogo lilitoa mlio na kujisogeza, kidogo sana, upana wa kidole. Alibaki ananing'inia akilitazama. Akateremka upesi, na tangu pale hakusema tena kwamba kitu chochote ni kizuri.

Nami nilishuka. Maji yalinifika kifuani, baridi ya kukata pumzi. Begi lake lilikuwa limebaki nami, nikalibeba kichwani kama nibebavyo mtungi, likavuka kavu. Hilo lilimshangaza kuliko yote niliyoyafanya. Alilipokea kwa mikono miwili, kisha akavuta ncha moja ya kamba, ikazunguka gogo ikaja yote.

Baada ya mapindo mengine mawili ufa ulifunguka. Mbele yetu kulikuwa na anga na vilele vya miti, na mwamba ulikatika ghafla. Chini palikuwa na mto mdogo. Kutoka ukingoni hadi chini palikuwa na urefu wa mnazi mkongwe. Pembeni palisimama nguzo ya jiwe ambalo maji yalilizunguka mpaka likawa kama shina. Memsabu aliipitisha kamba pale, akazitupa ncha, zikafika chini kwa shida. Akaizungusha kamba mwilini. Akarudi nyuma hadi ukingoni.

Hapo alisimama. Alijaribu kulala hewani kama alivyofanya juu, akarudi. Alijaribu tena. Kisha alijifungua kamba, akaketi chini na kuegemea ukuta.

"Mimi hapana weza," alisema.

Nilidhani asema kamba. Niliona hasira imenipanda. Niliishika nikamwonyesha nyuzi zake, moja moja. "Kamba ni nzima, bibi. Imelowa tu. Usumba ukilowa wakaza."

"Hapana kamba." Aliweka mkono kifuani pake. "Mimi."

Sikujua la kufanya na neno hilo. Yeye ndiye aliyetuleta. Yeye ndiye aliyejua kamba inazungushwaje. Nilikuwa nimemfuata kama mtu anavyomfuata mwenye taa, na sasa mwenye taa ameketi. Nikaketi nami. Alitoa mayai mawili ya kuchemsha begini, akanipa moja, na tulipokuwa tukila alianza kuzungumza kwa lugha yake. Alizungumza kwa muda mrefu, sauti imeshuka, mara anaonyesha mwamba, mara anaonyesha mikono yake. Alitaja neno moja mara nyingi, labda jina la mtu. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

Aliponyamaza niliona si adabu kukaa kimya. Nikamweleza habari zangu. Nilimwambia kwa Kiswahili kamili habari za mume wa Msambweni, kwamba aliniacha bila ugomvi, alinipa talaka asubuhi na adhuhuri akanipeleka mwenyewe njiani, akanibebea mzigo wangu, na kwamba mpaka wakati ule sikujua kosa lilikuwa lipi wala kama kulikuwa na kosa. Sikuwa nimemwambia mama jambo hilo kwa namna ile. Memsabu alitikisa kichwa pahali panapostahili. Hakuelewa hata neno moja, naamini hivyo, ila sina hakika.

Jua lilikuwa limehama ukutani. Niliinuka nikaitazama ile nguzo ya jiwe, nikakumbuka wanaume wanavyoteremsha mizigo mizito: hawaibebi kwa mikono, huizungushia kamba kwenye mti na kuacha mti ubebe. Nilivuta kamba yote juu. Ncha moja nilimfunga memsabu kiunoni na chini ya mapaja, kwa fundo la mjomba, nikalikaza mpaka akaguna. Kamba nikaizungusha kwenye nguzo mara mbili, nikakaa chini nyuma yake na kukita miguu.

"Nenda, bibi," nilisema. "Usifanye kitu. Mimi nitafanya."

Alinitazama machoni. Nilidhani atakataa. Alifumba macho, akajisukuma nyuma, na uzito wake wote ukaja kwenye kamba. Ilikaza ikalia kwenye jiwe, nguzo ikaubeba, mimi nikaachia kiganja kwa kiganja. Sikumwona. Nilijua yu hai kwa kuwa kamba ilikuwa na uhai. Nilipofikia karibu na nusu yake ikalegea, na kutoka chini nikasikia anacheka, au analia, vyote viwili kwake vilifanana.

Aliifungua, nami nikaivuta juu na kuiweka tena nusu kwa nusu nyuma ya nguzo. Hapakuwa na wa kunishikilia. Niliizungusha mwilini, paja, nyonga, kifua, bega, nikikosea mara moja na kuanza upya. Niliposhuka usumba ulinikata begani kupitia kanga, ukaniunguza mpaka alama ikabaki miaka. Katikati nilivuta mkono mbele, nikasimama. Sikuwa nimechoka. Nilisimama tu, miguu juu ya mwamba, mgongo hewani, nikitazama ndege wanavyopita chini yangu. Nilikuwa na hofu, hilo nakumbuka, na pamoja nayo kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukijua jina, na ningependa kukaa nacho zaidi, lakini mkono ulikuwa unaishiwa nguvu.

Chini tulivuta kamba ije. Ilikwama. Tulivuta pamoja, tukavuta kwa kuning'inia, haikuja. Tuliiacha pale inaning'inia kwenye uso wa mwamba.

Mjomba hakuwapo. Tuliketi kando ya mto tukamngoja mpaka vivuli vikarefuka. Alikuja akitokea upande tusioutazamia, miguu imekwaruzwa na miiba, kikoi kimepasuka. Alikuwa amefuata kijito kisicho chetu, akakifuata mpaka shambani kwa mtu, akarudi. Alinishika mabega kwanza, halafu akaanza kugomba.

"Alikuita wewe au aliniita mimi?" nilimuuliza.

"Alikuita wewe. Nilisikia kwa masikio yangu."

Nilimgeukia memsabu. "Bibi, ulimwita nani? Mimi au mzee?"

Alisikiliza kwa makini, uso umekunjamana kwa kujitahidi. "Ndiyo," alijibu. "Asante sana."

Memsabu aliturudisha Tiwi kwa gari. Mama alikuwa mlangoni tulipofika. Alimwona mjomba na kikoi chake kilichopasuka, kisha akaniona mimi.

"Suruali hiyo ya nani?"

"Hatujui," mjomba alimjibu.

Siku zilizofuata watu walikuja kuuliza tulichokipata. Nikisema hatukupata kitu, walidhani nimeapishwa nisiseme. Mwingine alisema tulitumwa kutafuta watu waliojificha, kwa maana zilikuwa siku za hali ya hatari na watu kuogopana. Mwingine alisikitika kwamba tumeingia mahali pa watu wa kale, pa mizimu, kwa miguu yenye suruali. Memsabu mwenyewe nilimwona mara moja tu zaidi, njiani. Alisimamisha gari, akatoa mkono dirishani, akaushika mkono wangu kwa muda, akaondoka. Kabla ya Ramadhani nyumba ile ilikuwa na wapangaji wengine.

Lakini asubuhi iliyofuata safari ile, kabla ya watu kuja, sikuweza kuinua mikono. Mama alinikalisha kwenye mkeka akanichana yeye, kama mtoto, akiziondoa punje za mchanga mwekundu nyweleni mwangu na kuzikung'utia chini.

"Huko chini kuna nini?" aliuliza.

"Mawe na maji."

"Nanyi mlikwenda kutaka nini?"

Nilifikiri nimjibu vizuri. "Sijui, mama."

Aligawa nywele, akaanza kusuka. Baada ya msuko wa tatu aliuliza kama niliogopa, nikasema ndiyo. Akauliza kama ningeambiwa niende tena ningekwenda. Nikasema ndiyo pia, nikasikia vidole vyake vimesimama kichwani mwangu.

"Sasa mbona sikuelewi," mama alisema, akaendelea kusuka.